Adadi Zipendanazo

Katika ilimu ya hesabu iko jozi ya adadi, 17,296 na 18,416, ambayo kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya viliinasibisha na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliyeipata mwaka 1636. Wala mimi simtuhumu bwana huyo wizi, kwani aliichuma kwa jasho lake, ila haki ya mtangulizi ni haki, na mtangulizi wake alikuwa Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki yapata mwaka 1319, yule yule aliyeuchunguza upinde wa mvua kwa tufe la kioo lililojaa maji.

Waarabu waliziita adadi hizi zipendanazo, kwa sababu kila moja hukamilishwa na vigawo vya mwenzake. Chukua zilizo ndogo kuliko zote: vigawo vya 220, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284, nawe ukivijumlisha vya 284, ambavyo ni vitano tu, 1, 2, 4, 71 na 142, warejea palepale kwenye 220. Ibn Khaldun katika Mukadima yake ataja talasimu zilizotumia adadi hizi mbili ili kuwatia watu mahaba, jambo ambalo msomaji wa pwani, aliyekwisha kuona kombe likiandikwa kwa zafarani, hatalistaajabia sana.

Kanuni ya kuzipata iliwekwa na Thabit ibn Qurra, mzaliwa wa Harran, aliyefariki Baghdad mwaka 901, nayo yataka adadi tatu tasa zikutane kwa mpango maalumu. Kwa jozi yetu ni 23, 47 na 1,151: mbili za kwanza zikizidishwa pamoja, kisha mara 16, hutoa 17,296, na ya tatu mara 16 hutoa 18,416. Basi mzigo wote waiangukia 1,151, kwani ikiwa si tasa kazi yote imeharibika. Na kwa kuwa 34 mara 34 ni 1,156, yamtosha mhesabu kujaribu tasa zilizo chini ya 34. Kwa 7 hubaki 3. Kwa 13 hubaki 7. Kwa 23, ambapo moyo hudunda kidogo, hubaki 1 peke yake. Kwa 31 hubaki 4. Na zilizosalia nazo haziigawi.

Mwaka 1638 Descartes alitokea na 9,363,584 na 9,437,056, zao la kanuni ile ile, na karne iliyofuata Euler akaongeza jozi zaidi ya hamsini. Na katika shauku hiyo ya makubwa, mabingwa hao wote waliipita jozi ndogo iliyokuwa njiani, 1,184 na 1,210, ambayo kanuni ya Thabit haiizai, hata mwaka 1866 akaja kijana wa Kitaliani wa miaka 16, jina lake Nicolò Paganini (wala si yule mpiga fidla), akaiokota.