Lugha Safi ya Nani?

Nilipoacha chuo nikarudi Homa Bay, babu alinigombeza: eti Dholuo yangu imejaa Kiswahili na Sheng. "Ongea lugha safi!"

Sawa. Lakini babu mwenyewe ni Msuba wa Mfangano. Wazee wake walitoka upande wa Uganda miaka zaidi ya 200 iliyopita, wakiongea Olusuba, lugha ya Kibantu kama Kikuria cha Migori. Ndoa, soko, kanisa na shule vikawahamishia kwenye Dholuo. Hata Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alikuwa Msuba. Wengi tunamjua kama Mjaluo. Yaani lugha anayoilinda babu ndiyo iliyomeza ya kwao.

Nikamuuliza, "mjukuu" kwa Olusuba ni nani? Akanyamaza. Kisha, kwa Dholuo safi kabisa, akasema mama yake ndiye aliyejua.