Damu Haisahau Chai

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Kabla mambo hayajaharibika baina yao, mfalme wa mji aliwapelekea wageni kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Shuleni tulisomeshwa zaidi mizinga ya Wareno iliyokuja baadaye. Mimi nimebaki na ile miwa, maana inaonyesha kwamba utamu haukuletwa hapa na Mzungu. Yeye ndiye aliyeonjeshwa.

Lakini muwa si kilo ya sukari. Muwa unautafuna mpaka taya linachoka, halafu unatema makapi. Kilichogeuza mambo ni kiwanda. Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922. Huku kwetu, ukivuka Likoni ukashika barabara ya kusini, unafika Ramisi, kaunti ya Kwale, ambako miwa ilisagwa mpaka kiwanda kikafungwa 1988. Reli na bandari ya Kilindini nazo zikafanya yao. Sukari ikawa kitu cha dukani, cha kupimiwa robo, kwa kibarua wa Changamwe sawa na kwa tajiri wa Mji wa Kale. Chai ya maziwa, kaimati, visheti, halwa ya Idi. Leo hata maradhi tumeyapa jina la bidhaa yenyewe: "Fulani ana sukari."

Jina hilo lina ukweli nusu. Mtu haugui kwa kula kitu kitamu tu. Urithi, uzito na kukaa bila kutembea vyote vimo, na wali na ugali pia huishia kuwa sukari kwenye damu. Swali lililonisumbua ni jengine. Sukari ikishazidi humo ndani, inafanya nini hasa mpaka jicho linafifia, figo zinachoka, na kidonda cha mguu kinakataa kupona?

Jibu lilianzia Paris, 1912, na lilianzia kwenye moto. Mkemia Louis-Camille Maillard alipasha sukari pamoja na asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, akaona mchanganyiko unageuka rangi ya kahawia. Hakuwa akitafuta mapishi. Alitaka kuelewa protini zinavyoundwa. Ila alichokieleza, kila mama muuza mahamri wa Kisauni anakijua kwa macho. Unga ukikutana na mafuta ya moto, rangi inaingia na harufu inaita majirani. Mshikaki juu ya makaa, ni hivyo hivyo. Sukari na protini zimeshikana.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki zaidi mikononi mwa watu wa vyakula. Halafu 1968, mjini Tehran, daktari Samuel Rahbar akichunguza damu za wagonjwa aliona hemoglobini isiyo ya kawaida kwa watu wenye kisukari. Mwaka 1976, huko New York, Anthony Cerami na wenzake wakaonyesha kwamba hemoglobini hiyo hupanda na kushuka kufuatana na sukari ya mgonjwa. Kumbe kile cha kwenye karai kinatokea ndani ya mishipa pia, bila moto, polepole.

Hapo ndipo kilipotoka kipimo ambacho watu wetu wanakiita "cha miezi mitatu". Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, na sukari iliyoganda juu yake haibanduki kirahisi. Nyanya yangu wa Likoni alikuwa na desturi yake: siku tatu kabla ya kliniki, chai kavu, mahamri hayagusi. Akidungwa kidole, namba inatoka nzuri, anarudi na feri akitabasamu. Siku alipofanyiwa hiki kingine, namba ilivuka 9, na kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 6.5. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hii damu ina umbea." Tulicheka, lakini wakati huo vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi.

Chembe ya damu angalau hufa, ikaja mpya. Kuna sehemu za mwili zisizobadilishwa hivyo. Mwaka 1981 Vincent Monnier na Cerami waliandika kwamba protini za lenzi ya jicho, ambazo mtu hukaa nazo maisha yake yote, huenda zinageuka kahawia kwa njia ile ile ya Maillard. Mabaki hayo ya mwisho, sukari ikishagandana kabisa na protini, wataalamu huyaita AGE. Ni kifupi tu, lakini ukikisoma kama neno la Kiingereza maana yake ni umri, na nadhani hawakukosea. Hufunga nyuzi za kolajeni pamoja, mishipa ikapoteza mnyumbuko wake kama mpira uliokaa juani. Wazee wote wanayo, hata wasiougua. Kisukari huharakisha tu.

Dawa ilitafutwa. Mwaka 1986 aminoguanidini ilionyesha matumaini kwa panya, lakini haikufika kuwa dawa ya watu. Kilichofanya kazi ni kitu cha kawaida zaidi. Mwaka 1993, utafiti wa Marekani na Kanada juu ya wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba kuishusha sukari na kuishikilia chini hupunguza sana maradhi ya macho, figo na neva. Walipoendelea kufuatiliwa miaka mingi baadaye, wale waliodhibitiwa mapema walikuwa bado wako mbele, hata baada ya namba za makundi yote mawili kukaribiana.

Kwa hivyo mwili unaweka kumbukumbu za mazuri pia, na ndiyo sababu nakuandikia wewe wa miaka ishirini na kitu, unayeambiwa sukari ni maradhi ya wazee. Siku tatu za chai kavu hazifuti miezi mitatu. Lakini miaka yako ya mwanzo, ukiilinda, haipotei bure. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mwenye sukari, muulize kipimo cha miezi mitatu alikifanya lini. Na wewe mwenyewe kapime.