Rangi ya kutawanya joto: ina nafasi gani katika upozaji wa injini?

Madereva wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Kampala na Kigali wanazijua vyema sehemu za safari ambako mshale wa joto huanza kupanda. Barabara huanzia usawa wa bahari na kukwea hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa, nchini Kenya. Huko lori lenye shehena hutembea polepole, injini yake hufanya kazi kubwa, na hewa inayotegemewa kuipoza huwa nyepesi kuliko ile ya pwani. Si ajabu basi kwamba rangi zinazouzwa kwa ahadi ya kutawanya joto huwavutia wenye magari.

Rangi ya aina hiyo ni tabaka jembamba, kwa kawaida jeusi, linalopakwa juu ya metali ili uso wake utoe joto kwa wepesi zaidi. Msingi wake ni wa kweli na ni wa zamani. Mwaka 1804 mwanasayansi wa Uskoti, John Leslie, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa chombo cha mraba kilichojazwa maji ya moto. Upande uliopakwa weusi ulinururisha joto jingi kuliko upande wa metali iliyong'arishwa, ingawa maji yaliyokuwa ndani yalikuwa yale yale. Alumini inayong'aa hunururisha chini ya moja ya kumi ya kile kinachonururishwa na uso uliopakwa rangi. Wala si lazima rangi iwe nyeusi: katika joto la injini, hata rangi nyeupe ya kawaida hunururisha karibu sawa na nyeusi.

Swali ni kama rejeta hutegemea mnururisho. Jina lake la asili humaanisha chombo kinachonururisha, na jina hilo limewapotosha wengi. Kwa hakika, rejeta hutoa sehemu kubwa mno ya joto lake kwa hewa inayopita katikati ya mapezi yake, ikisukumwa na mwendo wa gari au na feni.

Hesabu ndogo inalithibitisha jambo hilo. Chukua rejeta yenye upana wa nusu mita na kimo cha nusu mita, ikiwa na nyuzi joto 90 katika mazingira ya nyuzi 30. Hata ikiwa imepakwa rangi bora kabisa, nyuso zake mbili, ya mbele na ya nyuma, zitanururisha wati 230 hivi. Mapezi ya ndani hayaongezi kitu cha maana, kwa kuwa yanatazamana na joto linalotoka kwa moja hupokewa na jirani yake. Sasa linganisha: takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi, theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyosalia huingia katika maji ya kupozea. Kwa hiyo injini inayotoa wati 30,000 za kazi huipa rejeta mzigo wa joto unaokaribia kiasi hicho hicho. Mchango wa rangi haufikii hata moja ya mia.

Rangi yenyewe hupitisha joto kwa uhafifu mkubwa ikilinganishwa na alumini au shaba. Tabaka jembamba lililopulizwa kwa uangalifu halidhuru sana, na huweza kuikinga metali dhidi ya kutu ya chumvi, hasa pwani. Lakini rangi nzito iliyopakwa kwa brashi huziba nafasi finyu zilizo kati ya mapezi na kuzuia hewa. Hapo mwenye gari atakuwa amelipia kile kile alichotaka kukiepuka.

Zipo sehemu ambako rangi hii husaidia kweli. Injini ya pikipiki inayopozwa kwa hewa ni mfano mzuri. Mapezi ya silinda yake huwa na joto kali kuliko rejeta, na pikipiki inaposimama kwenye foleni hakuna upepo wa kuyapoza. Hapo mnururisho huwa na uzito, na uso mweusi una faida. Ni hivyo pia kwa kifaa chochote chenye joto kali kisichofikiwa na upepo wa kutosha.

Tahadhari moja ni ya lazima. Madukani kuna pia mipako ya kauri inayotumika kwenye mabomba ya moshi, ambayo kazi yake ni kulizuia joto lisitoke. Kuipaka kwenye rejeta ni sawa na kuifunika blanketi. Mnunuzi asome maelezo ya kopo kabla ya kulipa.

Injini inayochemka ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni ya kawaida: matope na wadudu kwenye mapezi, mkanda uliolegea, feni isiyozunguka ipasavyo, themostati iliyokwama, mirija iliyoziba kwa kutu, au mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo. Mfuniko hasa husahauliwa. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima ndio unaoyazuia yasichemke mlimani.

Anayeziba dalili kwa rangi na kuiacha sababu huhatarisha silinda hedi kupinda na gasketi kuungua, hasara inayozidi mbali bei ya kopo la rangi. Rejeta na ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu kali, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Mfuniko usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, kwani maji yanayoruka huunguza vibaya. Baada ya yote hayo kukaguliwa, rangi inaweza kufuata kama kinga ya metali, wala si tiba ya injini inayochemka.