Homa ya Papasi na Njia ya Misafara ya Tabora

Malaria na malale ndiyo maradhi yaliyoandikwa zaidi katika historia ya tiba ya Afrika ya Mashariki, ilhali homa ya papasi, iliyohesabiwa wakati mmoja miongoni mwa hatari kubwa za njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji na Manyema, imebaki ikitajwa kwa mistari michache tu. Kusahauliwa huko kunastahili kuchunguzwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe haujatoweka, na kwa sababu historia yake inagusa mambo ambayo msomaji hangetarajia kuyakuta pamoja: uchumi wa pembe za ndovu, ujenzi wa nyumba za tembe, tiba ya wendawazimu katika hospitali za Ulaya, na sayansi ya jenetiki ya karne hii.

Tabora, ambayo Richard Burton na John Speke waliifikia Novemba 1857 ikijulikana kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya bara. Barabara moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ya tatu ilishuka mashariki kupitia Ugogo hadi pwani. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliipita njia hiyo wakipeleka pembe pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Usiku ulipoingia, msafara ulilala katika vibanda vilivyoachwa na msafara uliotangulia, au katika tembe za vijiji vya njiani, yaani nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa la udongo na vyumba vyenye giza. Wasafiri wa Ulaya waliandika mengi kuhusu homa zilizowapata humo, na waandishi wa baadaye wamejaribu kuzipa majina ya kisasa, kazi ambayo haina faida kubwa, maana maelezo ya jasho, baridi na maumivu ya viungo yanaweza kufaa magonjwa mengi.

Mdudu anayehusika ni rahisi zaidi kumweleza. Papasi ni kupe wa ngozi laini, mwenye rangi ya udongo na mikunjo mgongoni, asiye na gamba gumu walilo nalo kupe wa ng'ombe, na akikomaa hufikia urefu wa takriban milimita 10. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, hasa pembezoni mwa chumba na chini ya kitanda. Usiku hutoka, humfuata aliyelala, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni akiwa amevimba, na mara nyingi aliyeumwa hana habari hadi asubuhi. Wakati wa kunyonya, hutoa maji ya ziada kupitia tezi zilizo karibu na miguu yake ya mbele, na vimelea vya ugonjwa huweza kupita katika maji hayo au katika mate yake. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Kwa kiumbe wa namna hiyo, kambi ya msafara, ambayo hukaa tupu kwa majuma na kisha kujaa watu kwa usiku mmoja, ilikuwa makao yasiyo na kasoro, na mikeka na mizigo ya wapagazi ilimpa usafiri.

Jamii ya vimelea vinavyosababisha homa hii ilikuwa imekwisha kuonekana Ulaya. Mwaka 1873 daktari Otto Obermeier wa Berlin alitangaza kwamba ameona kwa hadubini, katika damu ya wagonjwa wa homa inayojirudia, nyuzi nyembamba zilizojipinda na kusukumana kati ya chembe za damu. Nyuzi hizo ni bakteria wa jamii ya spiroketi, yaani bakteria wenye umbo la mzunguko wa parafujo, na baadaye ilithibitishwa kwamba homa ya Ulaya ilienezwa na chawa. Ya Afrika ilikuwa na njia yake. Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne, waliokuwa Uganda, waliripoti kwamba homa ya kupe iliyojulikana huko ilitokana na spiroketi, na miezi michache baadaye Joseph Everett Dutton na John Todd, waliotumwa Kongo na Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool, walionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba papasi ndiye anayeambukiza. Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Dutton, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekitambulisha kimelea cha malale nchini Gambia, alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30, na mwaka uliofuata bakteria huyo alipewa jina lake, ambalo leo huandikwa Borrelia duttonii. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara aliyekuwa na jamaa na mali Tabora na ambaye misafara yake iliifuata njia hii hadi Manyema. Yeye naye alifariki Unguja Juni mwaka huohuo.

Mwanabakteria Mjerumani Robert Koch alikuwa tayari Dar es Salaam. Alifika mapema mwaka 1905 kwa ajili ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo, lakini homa ya wasafiri ilimvuta, akaanza kukusanya papasi katika vituo vya kulala vya njia za misafara kuelekea bara. Aligundua kwamba katika vituo vingi sehemu ya papasi ilikuwa na vimelea, na kwamba vimelea hivyo huingia katika mayai ya papasi jike, hivyo kizazi kipya huzaliwa kikiwa kimekwisha kuambukizwa kabla ya kumuuma mtu yeyote. Ugunduzi huu, ambao Dutton na Todd waliufikia kwa njia yao, ulimaanisha kwamba kibanda kilichohamwa hakiwi salama kwa kuachwa tupu tu.

Jambo la pili alilolikuta Koch lilikuwa gumu zaidi kulieleza. Papasi wenye vimelea walipatikana pia katika vijiji vilivyo mbali na barabara, lakini watu wazima wa vijiji hivyo hawakuonekana kuugua. Alihitimisha kwamba wenyeji huambukizwa utotoni na kujenga kinga, hivyo ugonjwa huonekana zaidi kwa wageni. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, ila matokeo yake katika utawala wa kikoloni hayakuwa mema: mzungu alishauriwa apige hema mbali na vibanda vya zamani, ilhali mpagazi, aliyekuwa mgeni vilevile kila alipovuka kutoka nchi moja kwenda nyingine, alichukuliwa kuwa mtu aliyezoea, au kuwa chombo cha kubebea papasi. Gharama ya kinga hiyo ya utotoni nayo haikuhesabiwa. Uchunguzi wa miongo ya baadaye, ukiwamo uliofanywa Sengerema na Mvumi, umeonyesha kwamba wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, ambao homa hii huweza kuwaharibia mimba au kuwafanya wajifungue kabla ya wakati.

Kujirudia kwa homa, ambako ndiko kunakoipambanua, kulieleweka vizuri baadaye sana. Baada ya siku chache za joto kali mwili hutengeneza kingamwili zinazoutambua utando wa nje wa bakteria na kuwaua karibu wote, kisha mgonjwa hupata nafuu ya wiki moja hivi. Wachache waliosalia, hata hivyo, huwa wamebadili protini za utando wao, sawa na mkimbizi aliyebadili kanzu ili askari wasimtambue, na kundi jipya huongezeka hadi homa irudi. Utafiti uliofanywa Marekani katika miaka ya 1980 juu ya spiroketi wa jamii hiyohiyo ulionyesha jinsi jeni za protini hizo zinavyobadilishana nafasi, na ulikuwa miongoni mwa mifano ya kwanza iliyo wazi ya bakteria kuihadaa kinga kwa utaratibu uliopangwa ndani ya jeni zake.

Wakati homa ya papasi ikihesabiwa Afrika kuwa adui, Ulaya ilipata wazo la kuitumia kama dawa. Hospitali za wagonjwa wa akili za mwanzoni mwa karne ya 20 zilijaa watu wenye wendawazimu wa kupooza, ugonjwa uliompotezea mtu kumbukumbu na busara, ukampa fikra za ukuu usiokuwapo, kisha ukamlegeza viungo na kumuua katika miaka michache. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi wa Taasisi ya Rockefeller, New York, na J. W. Moore walikuta katika ubongo wa marehemu wa ugonjwa huo spiroketi wa kaswende, ndugu wa mbali wa bakteria wa papasi. Ni vigumu leo kukadiria uzito wa ugunduzi huo: maradhi yaliyokuwa yakielezwa kwa udhaifu wa tabia, urithi mbaya au uchovu wa maisha ya mjini yalikuwa na chanzo kinachoonekana kwa hadubini, na mpaka kati ya ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili haukuweza kuchorwa tena mahali ulipokuwa.

Mwaka 1917 Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwachoma wagonjwa hao damu yenye malaria, akitumaini kwamba joto kali lingewaua spiroketi wa ubongoni, na mwaka 1919 madaktari wawili Wajerumani, Felix Plaut na Gabriel Steiner, walijaribu jambo lilelile kwa kutumia homa ya papasi ya Afrika. Vimelea vyake vilikuwa na faida ya kuweza kutunzwa maabara kwa kuhamishwa kutoka panya mmoja hadi mwingine. Malaria ndiyo iliyoenea zaidi, kwa kuwa kwinini ilitosha kuisimamisha, na Wagner-Jauregg akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, lakini tiba ya homa kwa ujumla iliendelea hadi penisilini ilipoanza kutibu kaswende katika miaka ya 1940. Wagonjwa wengi waliochomwa homa hawakuwa katika hali ya kuelewa walichofanyiwa, sembuse kukikubali. Historia za tiba zilizoandikwa Ulaya humsifu aliyetunga wazo, na ni mara chache zinapokumbuka kwamba moja ya homa zilizotumika ilikuwa imefahamika kwa miili ya watu wa Manyema, Uganda na Tanganyika.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ikafa. Kambi za njiani ziliporomoka, ila papasi walibaki katika nyumba za kudumu, na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoifikisha Tabora mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, waliugua kama wa misafara walivyougua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijaribiwa dawa ya unga ya BHC, kwa vile DDT haikumdhuru papasi kama ilivyomdhuru mbu. Mabati, sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu huenda vimefanya zaidi ya dawa zote, maana vilimnyima papasi ufa na vumbi, ingawa familia iliyojenga hivyo haikuwa ikipigana na homa hii wala kuifahamu.

Mahali ambapo ugonjwa haukusahaulika ni Mvumi, Ugogo, kituo kilichojulikana na misafara yote na ambako leo kuna hospitali ya misheni. Mwaka 1955 watafiti Rudolf Geigy na Hermann Mooser walichapisha uchunguzi wao wa Tanganyika bila kupata ushahidi wa wanyama pori wanaotunza vimelea, na ikaaminiwa kwamba binadamu na papasi wanatosha kuuendeleza mzunguko. Imani hiyo imetikiswa. Mwaka 2003 William Kisinza na wenzake walieleza, kutokana na sampuli za Tanzania ya kati, aina ya Borrelia ambayo haikuwa ikifahamika, na mwaka 2007 uchunguzi mwingine wa Mvumi ulikuta vimelea vya jamii hii katika damu ya kuku na nguruwe wanaofugwa karibu na makazi ya watu. Bakteria waliotoka kwa mgonjwa wa Tanzania waliwahi kukuzwa maabara na kundi la mtafiti Sally Cutler, jambo lililoshindikana kwa miongo mingi, na jenomu yao, yaani jumla ya maelekezo yao ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2008, ilionyesha kwamba bakteria wa homa ya chawa ni toleo lililopungukiwa jeni la huyu wa papasi.

Suala la akili nalo limerudi kwa mlango mwingine. Madaktari walijua zamani kwamba homa ya papasi huweza kuleta homa ya uti wa mgongo na kupooza kwa upande mmoja wa uso, lakini watafiti wa Umeå, Sweden, walionyesha mwaka 2006 kwamba Borrelia duttonii huweza kujificha katika ubongo wa panya muda mrefu baada ya damu kuonekana safi, na kuamka kinga inapodhoofishwa. Ugonjwa uliotumiwa kusafisha ubongo una uwezo wa kukaa humo.

Kutoonekana kwa homa hii katika takwimu za zahanati za Tanzania ya magharibi kuna sababu ya kiufundi inayostahili kutajwa waziwazi. Zamani mtaalamu wa maabara aliyetafuta malaria kwa hadubini angeweza kuwaona spiroketi katika tone lilelile la damu, hata kama hakuagizwa kuwatafuta. Kipimo cha haraka cha malaria, kijulikanacho zahanatini kama MRDT, kimeokoa maisha mengi na hakuna sababu ya kukilaumu, ila hujibu swali moja tu. Mwenye homa ya papasi hupata jibu la kwamba hana malaria; akiandikiwa doksisaiklini au penisilini hupona bila jina la ugonjwa wake kuingia kitabuni, ingawa dozi ya kwanza huweza kumpandisha joto ghafla na kumshusha shinikizo la damu, hivyo anafaa kuangaliwa kwa saa kadhaa. Akipewa paracetamol peke yake, homa humwachia baada ya siku chache, mhudumu huamini ameponya, na wiki inayofuata mgonjwa huyohuyo huwa benchini tena, akisubiri kupimwa malaria.