Singo Ilianza Lini Kuwa na Bei?

Tulipoanza kutwanga singo jikoni kwetu na kuiuza kwa vikopo, bibi mmoja wa mtaani alituuliza: "Tangu lini singo ikawa na bei?" Ilituuma. Zamani somo alimsugua mwari wake, akatunzwa kanga, basi.

Lakini hiyo singo ya zamani nayo ililetwa na biashara. Asumini na mrehani zilichumwa uani. Liwa ilikuja kwa majahazi. Karafuu, tunayoiita yetu, asili yake ni visiwa vya Maluku; ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Said akahimiza ipandwe, na waliochuma wengi wao walikuwa watumwa (hili halitajwi biharusi anaposuguliwa). Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaongoza.

Tulimweleza bibi hayo yote. Akanusa kikopo, akasema liwa imezidi. Kweli ilizidi. Sasa tunapunguza, na biharusi asiye na uwezo tunampa bure.