Herufi Iliyolala na Kubanwa

Sisi watu wa fasihi tunasoma maneno, herufi hatuzitazami. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoambiwa nipunguze makala yangu yaingie ukurasa mmoja. Nikatafuta njia ya mkato: nikazibana herufi kwa kompyuta, manukuu nikayalaza. Jamani, kilichotoka ni kituko! Mistari ya wima imekonda, ya kulala imebaki minene, na kila O imekuwa kama yai lililokaliwa.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Adrian Frutiger, Mswisi aliyebuni Univers, chapa iliyotolewa na kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris mwaka 1957. Herufi zake hazina vijikia kwenye ncha. Ilitoka na sura 21 zilizopewa namba badala ya majina: tarakimu ya kwanza hueleza unene, ya pili upana na mkao. 55 ni ya kawaida, 57 imebanwa, 58 imebanwa na tena imelala. Yaani kile nilichokifanya kwa kubonyeza tu, yeye alikichora.

Mlazo wenyewe ulianzia Venice. Francesco Griffo alimchongea mchapaji Aldus Manutius herufi zilizoiga mwandiko wa mkono, na mwaka 1501 kikatoka kitabu cha Virgil, kidogo cha kushikwa kiganjani, chote kimelazwa. Chote! Herufi kubwa tu ndizo zilizosimama. Wakati huo mlazo haukuwa alama ya mkazo wala ya ugeni. Ulikuwa ndio mwandiko wa kitabu. Baadaye ukashushwa cheo, ukawa mtumishi wa herufi wima: kutaja jina la kitabu, kutia mkazo, kutenga neno la kigeni.

Univers 58 haikumbuki tena mkono ule. a yake ni ile ile ya wima, ila imeinama. Inafaa sana kwenye majedwali na maelezo ya picha, penye maneno mengi na nafasi haba. Ukurasa mzima wa namna hiyo, la, macho yatachoka.

Ugomvi wangu ni juu ya huo utumishi. Riwaya nyingi za Kiingereza za Afrika Mashariki zimelaza maneno ya Kiswahili. Ugali umelala, shamba limelala, majirani zao wa Kiingereza wamesimama wima. Mhusika mzaliwa wa Mombasa anatamka neno la kwao, na chapa inamnong'oneza msomaji kuwa hilo ni geni. Geni kwa nani? Wahakiki tumejaza kurasa juu ya lugha ya mwandishi wa Kiafrika, mlazo tukaupita kama hatuuoni. Wazee walioandika tenzi kwa hati ya Kiarabu hawakuwa na mlazo wa kutengea wageni; neno la Kiarabu na la Kibantu yalikaa mstari mmoja.

Makala yangu niliyarudisha wima, manukuu pia, nikakata aya mbili.