Lothar von Trotha: Jenerali aliyeamuru Waherero waangamizwe

Oktoba 2, 1904, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika koloni la Afrika Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, alitoa tangazo kwa Waherero. Aliwaambia kwamba hawakuwa tena raia wa Ujerumani, kwamba iliwapasa waihame nchi, na kwamba yeyote atakayekutwa ndani ya mipaka ya koloni atapigwa risasi, awe na bunduki au asiwe nayo, awe na ng'ombe au asiwe nao. Tangazo hilo lilibeba jina la Luteni Jenerali Lothar von Trotha.

Mauaji mengi ya enzi za ukoloni yalitendwa bila maandishi, na waliohusika waliweza baadaye kukana. Trotha hakukana. Aliandika alichokusudia, akakituma Berlin, na akakitetea hadi mwisho wa utumishi wake. Ndiyo maana wanahistoria wanapochunguza mauaji ya kimbari ya kwanza ya karne ya 20, huanza na maisha ya afisa huyu: alitoka wapi, nani alimpa mamlaka, na kwa nini hakuna aliyemfikisha mahakamani.

Kutoka Magdeburg hadi Afrika Mashariki

Adrian Dietrich Lothar von Trotha alizaliwa Julai 3, 1848, mjini Magdeburg, katika ukoo wa kikabaila uliozoea kutoa maafisa wa jeshi. Alijiunga na jeshi la Prussia mwaka 1865. Alipigana katika vita dhidi ya Austria mwaka 1866 na dhidi ya Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871, ambako alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Chuma. Hadi hapo, wasifu wake haukutofautiana na wa maafisa wengine wengi wa kizazi chake.

Mwaka 1894 alipelekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo. Huko alikuwa kamanda wa jeshi la koloni na pia naibu wa gavana, na alibakia hadi mwaka 1897.

Ulikuwa wakati wa mapambano makali. Miaka mitatu kabla ya kuwasili kwake, mnamo Agosti 1891, wapiganaji wa Kihehe chini ya Mtwa Mkwawa walikuwa wamekiteketeza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa. Oktoba 1894, chini ya Gavana Friedrich von Schele, Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa ya Kalenga. Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe.

Hatua hii ya maisha ya Trotha haielezwi sana, lakini yeye mwenyewe aliipa uzito mkubwa. Miaka kumi baadaye, alipoliandikia Baraza Kuu la Kijeshi mjini Berlin kuhusu vita vya Namibia, alieleza kwamba ujuzi wake wa makabila mengi ya Afrika ya Kati ulikuwa umemthibitishia kwamba Mwafrika hatii mkataba bali hutii nguvu tupu. Imani hiyo, basi, alifika nayo Namibia tayari, akiitaja kuwa somo alilolipata kwingineko barani Afrika.

Baada ya Afrika Mashariki alitumwa China, akiongoza brigedi katika kikosi cha Ujerumani kilichoshiriki kuzima uasi wa Mabondia mwaka 1900.

Vita vya Waherero

Januari 12, 1904, Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Kijerumani, mapigano yakianzia Okahandja. Walikuwa wafugaji, na ng'ombe walikuwa msingi wa uchumi na heshima yao. Mwaka 1897 sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe, ilikuwa imeangamiza sehemu kubwa ya mifugo yao. Wafanyabiashara wa Kizungu waliwauzia bidhaa kwa mkopo, kisha wakachukua ng'ombe na ardhi kufidia madeni. Walowezi waliongezeka, na reli ilizidi kuingia katika malisho. Kiongozi wao, Samuel Maharero, aliagiza kwamba wanawake, wamisionari, Waingereza na Makaburu wasidhuriwe. Katika siku za mwanzo waliuawa Wajerumani zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wanaume walowezi na askari.

Gavana wa koloni, Theodor Leutwein, alikuwa mtawala wa mabavu, lakini alitaka vita viishe kwa mazungumzo. Aliona kuwa koloni lisingeweza kuendeshwa bila kazi ya Waherero na mifugo yao. Berlin iliona kuwa anasitasita. Mei 1904, Kaisari Wilhelm wa Pili alimteua Trotha kuwa kamanda mkuu wa vita, ingawa washauri wake kadhaa, akiwemo Kansela Bernhard von Bülow, hawakuunga mkono uteuzi huo.

Uamuzi huo ulibadilisha pia mfumo wa mamlaka. Trotha hakuwajibika kwa gavana, wala kwa idara ya makoloni. Aliwajibika kwa Baraza Kuu la Kijeshi, na kupitia kwake kwa Kaisari. Aliwasili Juni 1904, akatangaza hali ya vita, na Leutwein hakuwa tena na sauti katika mwenendo wa vita hivyo.

Waterberg na jangwa la Omaheke

Agosti 1904, sehemu kubwa ya Waherero ilikuwa imekusanyika karibu na mlima Waterberg, mahali penye maji na malisho. Hawakuwa wapiganaji peke yao: walikuwepo wazee, akina mama, watoto na maelfu ya ng'ombe. Wengi waliamini kuwa mazungumzo ya amani yangefuata.

Agosti 11, vikosi vya Trotha vilishambulia kutoka pande kadhaa, vikiwa na mizinga na bunduki za rashasha. Waherero walifanikiwa kupenya upande wa kusini mashariki, ambako kikosi cha Wajerumani kilikuwa dhaifu zaidi. Njia hiyo iliwapeleka Omaheke, eneo kame la pembezoni mwa jangwa la Kalahari, ambako visima ni vichache na vilivyoachana kwa mwendo mrefu.

Kilichofuata ndicho kiini cha uhalifu huu. Trotha aliwafuatia, akashikilia visima na kuweka vizuizi kwenye ukingo wa jangwa ili wasiweze kurudi. Maelfu walikufa kwa kiu. Askari waliotumwa mbele walikuta mashimo yaliyochimbwa kwa mikono na watu waliotafuta maji, na kando yake mizoga na maiti. Taarifa rasmi ya jeshi la Ujerumani kuhusu vita hivyo, iliyochapishwa baadaye, ilieleza bila haya kwamba jangwa lisilo na maji ndilo lililokamilisha kazi iliyoanzishwa na silaha.

Amri ya Oktoba 2

Amri ya Oktoba 2 ilitolewa wakati Waherero walikuwa tayari wameshindwa na wametawanyika. Kijeshi, hakukuwa tena na vita vya kushinda. Tangazo liliahidi zawadi ya mark 1,000 kwa atakayemleta mmoja wa viongozi wa Waherero, na mark 5,000 kwa atakayemleta Samuel Maharero. Trotha alisema pia kwamba hatawapokea tena wanawake na watoto; watafukuzwa warudi kwa watu wao, au watapigwa risasi.

Yaliambatana nayo maelekezo kwa askari. Ilielezwa kwamba amri hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuwaua wanawake na watoto: risasi zipigwe juu ya vichwa vyao ili wakimbie. Wanaume wasichukuliwe mateka. Maelekezo hayo yametumiwa na watetezi wa Trotha kama ushahidi kwamba aliwahurumia wasio na silaha. Lakini mahali waliposukumwa kukimbilia ni Omaheke, na Trotha alijua vyema kuwa huko hapakuwa na maji. Katika barua yake kwa Berlin alieleza kwamba ni afadhali taifa hilo liangamie kuliko kuwaambukiza askari wake maradhi na kuwapunguzia maji na chakula.

Amri hiyo ilitangazwa pia kwa njia ya vitisho. Wafungwa kadhaa walinyongwa mbele ya Waherero wenzao, kisha waliobaki, wanawake na watoto miongoni mwao, wakaachiwa waingie jangwani wakiwa na nakala za tangazo lililoandikwa kwa lugha yao.

Berlin ilijua nini?

Habari zilipofika Ujerumani, Mkuu wa Baraza la Kijeshi, Alfred von Schlieffen, alikubaliana na Trotha kwamba vita hivyo vya rangi vingemalizwa tu kwa kuliangamiza kundi moja au kulitia utumwani. Pingamizi lake lilikuwa kwamba jambo hilo halikuwezekana kwa nguvu zilizokuwepo. Kansela Bülow alimwambia Kaisari kwamba amri hiyo inapingana na Ukristo, inadhuru uchumi wa koloni na inaichafulia Ujerumani jina mbele ya mataifa. Kaisari alichelewa kukubali. Amri iliondolewa Disemba 1904, zaidi ya miezi miwili tangu itolewe.

Bungeni, kiongozi wa chama cha Social Democratic, August Bebel, alivilaani vita hivyo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu wa zama hizo hawakujua, wala kwamba wote waliona ni jambo la kawaida.

Baada ya amri kuondolewa, Waherero waliojisalimisha walifungwa katika kambi za Windhoek, Okahandja, Swakopmund na Lüderitz, wakalazimishwa kujenga reli na kufanya kazi bandarini. Kambi ya kisiwa cha Shark, mbele ya mji wa Lüderitz, ndiyo iliyoogopwa kuliko zote kwa sababu ya baridi, njaa na maradhi. Takwimu za jeshi lenyewe zilionyesha kuwa karibu nusu ya wafungwa wa kambi hizo walikufa.

Upande wa kusini, Wanama nao walikuwa wameingia vitani mnamo Oktoba 1904. Aprili 22, 1905, Trotha aliwatolea tangazo jingine, akiwaonya kwamba wasipojisalimisha yatawapata yaliyowapata Waherero. Kiongozi wao, Hendrik Witbooi, mzee wa zaidi ya miaka 70, aliuawa vitani Oktoba 29, 1905.

Makadirio ya waliokufa yanatofautiana. Yanayotajwa mara nyingi ni Waherero 65,000 kati ya 80,000, na Wanama 10,000 kati ya 20,000.

Nishani badala ya mashitaka

Trotha aliondoka Namibia Novemba 1905. Miezi michache kabla ya hapo Kaisari alikuwa amemtunuku Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia. Alistaafu mwaka 1906, na mwaka 1910 akapandishwa cheo kuwa Jenerali wa askari wa miguu. Alifariki dunia mjini Bonn Machi 31, 1920. Hakuwahi kuhojiwa na mahakama yoyote.

Samuel Maharero alifia uhamishoni Bechuanaland, Botswana ya leo, mwaka 1923. Mwili wake ulirudishwa Okahandja na kuzikwa Agosti mwaka huo, na kila Agosti Waherero hukusanyika hapo kuwakumbuka wahenga wao.

Deni ambalo halijafungwa

Kwa miongo mingi Ujerumani haikulitumia neno "mauaji ya kimbari". Agosti 2004, miaka 100 baada ya Waterberg, Waziri wa Ushirikiano wa Maendeleo, Heidemarie Wieczorek-Zeul, aliomba msamaha akiwa Namibia. Mwaka 2006, mji wa Munich uliubadilisha mtaa uliokuwa na jina la von Trotha ukauita mtaa wa Waherero. Mwaka uliofuata, watu wa ukoo wa Trotha walisafiri hadi Namibia kuomba radhi kwa machifu. Mafuvu ya Waherero na Wanama yaliyokuwa yamepelekwa Ujerumani kwa ajili ya utafiti wa kibaguzi yalianza kurejeshwa mwaka 2011.

Mei 2021, serikali ya Ujerumani ilitangaza kuwa matukio hayo, kwa mtazamo wa leo, yanaitwa mauaji ya kimbari, na ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miradi ya maendeleo katika kipindi cha miaka 30. Maneno "kwa mtazamo wa leo" yana uzito. Hoja ya Berlin ni kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mauaji ya kimbari ni wa mwaka 1948 na haurudi nyuma. Kwa hiyo inakubali wajibu wa kimaadili na kisiasa, lakini si fidia ya kisheria.

Wawakilishi wengi wa Waherero na Wanama wamelikataa tamko hilo. Wanasema hawakushirikishwa ipasavyo katika mazungumzo, na kwamba miradi ya maendeleo si fidia. Suala la ardhi ndilo linalowauma zaidi: mashamba makubwa yaliyochukuliwa baada ya vita bado kwa sehemu kubwa yako mikononi mwa wakulima wa asili ya Kizungu, huku wajukuu wa wafugaji wa Waterberg wakiishi katika maeneo yenye msongamano na malisho haba. Mei 28, 2025, Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliouawa.

Katika mjadala huo, jina la Trotha hutajwa mara nyingi kama vile yeye peke yake ndiye aliyetenda yote. Yeye ndiye aliyetoa amri, na dhima yake haipunguzwi na mtu mwingine. Hata hivyo, kuna Kaisari aliyemteua, baraza la kijeshi lililokubaliana na fikra zake, na dola iliyomtunuku nishani baada ya jangwa kujaa maiti. Wazao wa waliokufa wanapoidai Ujerumani, na si ukoo wa Trotha, hoja yao inaanzia hapo.